Gari Moja, Meza Moja

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wa rika letu, hamjambo.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya safari za kasino kwa watu wenye umri, na naona nusu ya ukumbi imeshanuna. Wapo humu ambao dini yao imeiharamisha kamari. Sikuja kubishana nao, na wakitaka kutoka wakanywe chai sitaona vibaya. Lakini wapo pia, na wenyewe wanajijua, ambao kila baada ya miezi miwili mitatu wanajazana kwenye gari moja hapa Los Angeles, wanakwenda Las Vegas, jimbo la Nevada, wanalala siku mbili na kurudi. Wameanza mchezo huo nywele zikiwa nyeusi. Hao ndio ninaosema nao. Sitawaambia waache, wala sitawaambia waendelee. Barabara ni ile ile na karata ni zile zile 52, ila mwili si ule, na meza nayo si ile.

Neno langu ni moja. Kinachommaliza mcheza kamari mzee ni kasi: kasi ya gari, kasi ya karata, kasi ya kidole kwenye kitufe. Na kinachopunguza kasi kuliko kingine chochote ni kuwa na mwenzako ubavuni. Msinielewe kwamba nahubiri upendo. Hii ni hesabu, na tutaifanya hapa hapa.

Tuanze na gari. Safari ni maili 270, kama kilomita 435, karibu yote kwenye barabara kuu ya I-15. Njia ikiwa nyeupe ni mwendo wa saa nne. Ijumaa jioni inaweza kufika saa sita au saba, maana jiji zima linaelekea huko, na Jumapili mchana ni balaa lile lile la kurudi, hasa pale mpakani ambapo njia tatu za upande wa Nevada zinabanwa kuingia California. Sasa mstaafu anakwendaje Ijumaa? Hana bosi. Nenda Jumanne, rudi Alhamisi. Vyumba vinashuka bei katikati ya wiki, na kima cha chini cha dau kinashuka pia: meza iliyokuwa ya dola 25 Jumamosi usiku, Jumanne asubuhi mara nyingi utaikuta ya 15. Ondokeni saa tatu asubuhi. Msongamano wa wafanyakazi unakuwa umepungua, na jua limeshapanda, halipigi machoni mkielekea mashariki. Usiku msiendeshe. Jicho la mtu wa miaka 60 linataka mwanga karibu mara tatu ya jicho la kijana wa 20, na likishamulikwa na taa za gari la mbele linachelewa kurudi.

Kabla ya hapo, inama uangalie ubavuni mwa tairi. Utaona herufi DOT, na mwishoni mwa mstari huo tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya wastaafu yana kasoro hii moja: tairi linaonekana jipya, meno yake bado marefu, kwa sababu gari linakwenda sokoni na kwenye ibada tu. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi libadilishwe likitimiza miaka sita. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, wengi wanaikosea. Tairi lenye upepo pungufu ubavu wake unapinda kila linapozunguka, linapata joto kwa ndani, na jangwani linapasuka. Fungua na buti uone kama spea ipo. Magari mengi ya siku hizi hayana, mwenyewe akagundua akiwa kando ya barabara.

Njia yenyewe mnaijua. Mnapanda Cajon hadi kama mita 1,300, mnapita Victorville, mnafika Barstow maili 115 tangu mtoke. Simameni. Mbele maili 62 kuna Baker, penye kile kipimajoto kirefu cha futi 134, kilichojengwa kuadhimisha nyuzi 134 za Fahrenheit, yaani 56.7 za Selsiasi, zilizopimwa Death Valley tarehe 10 Julai 1913. Simameni tena, hata kama hakuna anayetaka choo. Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na mguu wenye umri hausamehe. Tembea dakika tano, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara ishirini, kunywa maji. Najua kuna wanaojinyima maji ili wasisumbue wenzao kwa kusimama kila mara. Mtu anayemeza dawa za presha za kupunguza maji mwilini, akijinyima maji kwenye joto lile, atashuka garini Las Vegas na kuanguka pale pale mlangoni.

Kuanzia Baker mlima unaanza: kutoka kama mita 280 mpaka mita 1,200 ndani ya kilomita 30 hivi. Hapo ndipo magari mengi yanapochemka. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu yote na fungua madirisha. Ni mateso, lakini hita inachukua joto kutoka kwenye injini. Mshale ukizidi kupanda, toka barabarani, zima gari, ngoja. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Kiangazi bebeni maji lita nne kwa kila mtu, na hayo si ya rejeta. Insulini isiachwe kwenye droo ya dashibodi wala kwenye buti; iwe kwenye mfuko wa baridi ndani mliko, na isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Kuhusu dereva nitasema kidogo, maana jambo hili linavunja urafiki. Kila kundi lina dereva wake wa miaka yote, na inafika siku hatakiwi tena kushika usukani. Dalili ni hizi: mikwaruzo mipya kwenye bampa isiyo na maelezo; anapitiliza mahali pa kutokea anapopajua; na nyote mlioketi nyuma mnakanyaga breki isiyokuwepo. Asiambiwe njiani, na asiambiwe na watu watatu kwa mpigo. Aende mmoja, yule anayempenda zaidi, nyumbani kwake, mchana. Na aende na kazi nyingine ya kumpa. Nitairudia kazi hiyo.

Sasa mezani. Nitasema zaidi juu ya ishirini na moja, yaani blackjack, ambapo unakusanya karata ukaribie 21 bila kuizidi, kwa sababu ndio mchezo unaowakalisha marafiki upande mmoja, wote dhidi ya mgawaji, tofauti na albastini ambako mnachinjana wenyewe kwa wenyewe.

Ukifika mezani usiketi kwanza. Soma kitambaa. Mbele ya mgawaji kuna maandishi ya upinde. Yakisema «3 to 2», ukipata ree na karata ya kumi unalipwa dola 22.50 kwa dau la 15. Yakisema «6 to 5», unalipwa 18. Tofauti ni dola nne na nusu, na ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini mkono huo unakuja karibu mara moja katika kila mikono 21. Ukicheza mikono 240 utaupata kama mara 11, na umeshaacha mezani karibu dola 50 bila kukosea chochote. Kwa asilimia ni hivi: meza nzuri ya 3 kwa 2, ikichezwa sawasawa, kato la kasino, yaani sehemu ya dau inayobaki kwake kwa wastani, ni kama nusu ya asilimia moja. Ya 6 kwa 5 ni karibu asilimia mbili. Mara nne! Wazee waliozoea meza za zamani wanaketi kwa mazoea, hawasomi, na siku hizi meza za dau dogo kwenye mtaa mkubwa wa kasino nyingi ni za 6 kwa 5. Mkiulizia vizuri, hasa kasino za mbali na mtaa huo, za 3 kwa 2 bado zipo. Tembeeni mzitafute, miguu nayo inataka kazi.

Kucheza sawasawa ni nini? Askari wanne wa Marekani waliokuwa Aberdeen, jimbo la Maryland, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliikokotoa hesabu yote kwa mashine za mezani za kujumlisha na kutoa, wakaichapisha mwaka 1956. Kompyuta zilipokuja ziliwakuta wamekosea padogo sana. Jedwali lililotokana na kazi hiyo leo linauzwa kama kadi ya mfukoni kwenye maduka ya kasino zenyewe, na kasino nyingi zinakuruhusu kuisoma pale pale mezani mradi husimamishi mchezo. Kwa hiyo msijitese na kumbukumbu. Kumbukumbu ya miaka 70 inakumbuka arusi ya mwaka 1978 yote, lakini kwa ree na saba dhidi ya tisa ya mgawaji inababaika. Jibu ni ongeza karata. Ree na saba dhidi ya tisa, kumi au ree, ongeza. Kumi na sita dhidi ya kumi, ongeza, au jisalimishe kwa nusu ya dau kama meza inaruhusu. Nane mbili, zitenganishe ziwe mikono miwili siku zote. Kumi mbili, usiziguse. Bima, lile dau la pembeni kwamba mgawaji ana ree na kumi, usinunue, hata ukiwa na mkono mzuri, hata mgawaji akikutazama kwa huruma. Kato lake ni karibu asilimia saba.

Kosa la uzeeni hasa ni woga wa kupasuka, yaani kuzidi 21. Mtu anafika 12 au 13, mgawaji anaonyesha kumi, naye anapunga mkono: nimetosheka. Anaona heri mgawaji amshinde kuliko kujiua mwenyewe. Mchezaji asiyethubutu kabisa kupasuka anakatwa karibu asilimia 4. Kwenye meza ya 6 kwa 5 anakatwa zaidi ya hapo.

Hesabu niliyoahidi ndiyo hii. Ukiwa peke yako na mgawaji, anakugawia mikono 200 kwa saa, au zaidi. Meza ikijaa watu, mnapata kama 55. Saa nne za peke yako ni mikono 800: kwa dau la dola 15 na kato la nusu asilimia, bei ya wastani ni dola 60. Saa nne hizo hizo meza ikiwa imejaa ni mikono 220, dola 16 na senti 50. Kwenye 6 kwa 5 ni dola 240 dhidi ya 66. Dau ni lile lile, mchezaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mmoja anachanganya chipu zake za dau polepole, mwingine anauliza mjukuu anaendeleaje, wa tatu miwani imeanguka chini ya kiti na mgawaji anangoja. Kuchelewa huko ndiko faida yenu. Kwa hiyo mkiingia wanne, kaeni meza moja. Mkitawanyika, kila mmoja anakwenda kulipa bei ya mtu mpweke.

Wastani si ahadi, lakini. Katika mikono 240 bahati inayumba kama mara 18 ya dau lako, juu au chini; kwa dola 15 ni kama dola 270. Kupoteza mara mbili ya hiyo kunatokea, si mara nyingi. Ndiyo maana kikao kimoja kinataka dau lako mara 40: dola 600 kwa meza ya 15. Huna 600 ambazo zikipotea hutaumia? Basi meza ya 15 si yako, na hakuna aibu. Ziwekwe kwenye bahasha, bahasha moja kwa kikao kimoja, zimeandikwa jina na siku. Kadi ya benki ibaki kwenye sefu ya chumba, maana mashine za kutolea pesa ndani ya kasino zina makato mabaya na ziko hatua kumi kutoka hasira yako. Na tazameni kalenda: pensheni ya Social Security kwa wengi inaingia Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne ya mwezi, kufuatana na tarehe ya kuzaliwa. Safari isipangwe wiki hiyo. Kodi ya nyumba na dawa zilipwe kwanza, kinachobaki kikae kwanza nyumbani.

Kukopeshana mezani, acheni kabisa. Mwenzako akimaliza bahasha yake, mnunulie chakula cha jioni, usimhesabie. Deni la dola 200 baina ya watu waliojuana miaka arobaini halilipiki, kwa sababu anayedai anaona aibu kudai na anayedaiwa anaona aibu kuja. Mwishowe ni kiti kimoja kitupu garini, na kila mtu anajifanya hajui sababu.

Mashine za kamari nitazipitia haraka, ingawa ndiko wengi wenu mnakoishia. Naelewa kwa nini. Kiti kina mgongo, hakuna wa kukuona ukikosea, hakuna hesabu ya kichwa. Lakini ile inayoitwa ya senti si ya senti: kubonyeza mara moja huwa senti 50, au dola nzima. Mtu anabonyeza mara 500 kwa saa bila kujua. Dola moja mara 500, kwa mashine inayokata asilimia 10, ni dola 50 kwa saa. Sheria ya Nevada inaitaka mashine irudishe walau asilimia 75, na sidhani kuna anayeona hilo ni jambo la kumfariji. Kama ni lazima, kaeni wawili mashine moja, kila mtu mizunguko kumi, zamu kwa zamu, pesa ya pamoja. Gharama inagawanyika, na yule anayengoja ndiye anayesema sasa tukale.

Chakula cha bure na chumba cha bure navyo vina hesabu yake. Kadi yako ya uanachama inarekodi dau, muda na kato. Kasino inajua ulitarajiwa kupoteza kiasi gani, nayo inakurudishia sehemu ya hicho. Kuongeza saa mbili mezani ili upate mlo wa dola 30 ni kununua mlo huo kwa bei ya juu. Kula kwanza ulipe.

Sasa mwili. Ndani ya kasino nyingi za Nevada uvutaji sigara unaruhusiwa bado. Mwenye pumu aulize sehemu isiyo na moshi, au mchague Park MGM ambayo haina moshi tangu 2020. Pombe ya bure haipatani na dawa za kulainisha damu wala za sukari.

Kuna jambo la moyo ambalo huwa linawashangaza watu. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa ndani ya kasino, ambako walinzi walifunzwa kutumia mashine za kushtua moyo uliosimama. Kati ya watu 105 ambao mioyo yao ilikuwa na ule mpapatiko unaoweza kushtuliwa, asilimia 53 walitoka hospitali wakiwa hai. Walioshtuliwa ndani ya dakika tatu tangu waanguke, asilimia 74. Kamera zipo kila pembe, mlinzi anakuja mbio. Sasa fikiria mtu huyo huyo akianguka chumbani ghorofa ya 19, mlango umefungwa, amechukua chumba cha peke yake kwa sababu wenzake wanakoroma. Kamera haziingii humo. Koroma ya mwenzako ni ya kuvumiliwa. Na kila mmoja awe na karatasi ya dawa zake mfukoni, si kwenye simu iliyofungwa kwa namba ya siri.

Na hili mlishike, hasa ninyi wake na watoto mlio humu. Dawa za Parkinson za jamii ya pramipexole na ropinirole, ambazo wengine wanapewa kwa tatizo la miguu kuhangaika usiku, kwa baadhi ya watu zinawasha hamu ya kamari isiyozuilika. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani iliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2005. Mtu aliyekuwa na kiasi miaka thelathini anaanza kuficha risiti. Familia inasema uzee umemharibu tabia, kumbe ni kidonge. Asiache dawa mwenyewe, ni hatari. Apelekwe kwa daktari, aseme wazi neno kamari, na dawa ibadilishwe au ipunguzwe. Kwa ambaye si dawa bali mchezo wenyewe umemshinda, namba ya 1-800-GAMBLER inapokelewa usiku na mchana, na kasino nyingi zitakufungia jina ukiomba mwenyewe.

Nimesema nitairudia kazi ya yule aliyeacha usukani. Makundi yanapungua. Wanne wanakuwa watatu, mmoja hawezi tena kukaa garini, mmoja amezikwa. Wawili wanaobaki wasiendeshe maili 270 kwa ukaidi; ndege kutoka Los Angeles ni kama saa moja angani, na basi lipo. Anayebaki peke yake, hapo namwambia wazi: asiende. Atafute wachezaji wengine kwanza, ajiunge na gari la watu wengine, hata kama si wa mji wake wa zamani. Na aliyeacha usukani, au aliyeacha kucheza, msimwache nyumbani maadamu mwili unaruhusu. Yeye ndiye ashike bahasha. Aketi kiti cha nyuma ya meza na mkoba mapajani, na mtu akitaka bahasha ya kesho leo, inabidi ageuke, amtazame usoni rafiki yake wa miaka arobaini, na amwombe.

Maswali yapo? Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema habari ya kukoroma.